Mume wa Sista Anaumwa

Fundi aliugua asubuhi, mara tu simu ya mkewe ilipolia.

Alikuwa mzima alipoamka. Alikuwa mzima alipopiga mswaki, na mzima wa afya kabisa alipokuwa akilipiga pasi shati jeupe alilokusudia kulivaa. Siku hiyo mkewe alikuwa na mapumziko, na walikuwa wamekubaliana watoke wawili tu, watembee mjini, wakae mahali penye kivuli wanywe kitu baridi kama watu waliooana. Kisha simu ikalia chumbani. Akamsikia mkewe akisema, "Ndiyo, Mkuu. Hapana, hakuna neno. Nakuja." Hapo hapo tumbo likamshika.

Mkewe alikuwa muuguzi wa gari la wagonjwa. Mtaa mzima ulimwita Sista, na ulilitaja jina hilo kwa heshima, maana nyumba ambayo Sista hakuwahi kumwinua mtu wake kutoka sakafuni ilikuwa ya kutafuta kwa tochi. Yeye Fundi alishona suti. Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilichokuwa karakana yake, na wateja waliokuja kupimwa suruali walikaa mpaka wakasahau walikokuwa wakienda, kwa sababu Fundi alijua kuongea. Aliweza kukusimulia harusi ambayo hakualikwa hadi ukajiona umeketi meza ya mbele.

Lakini katika nyumba hiyo, mtu aliyekuwa na habari nyingi kuliko wote hakuzitoa. Sista alirudi zamu, akaoga kwa muda mrefu, akala, akalala. Ukimuuliza siku ilikuwaje alijibu, "Ya kawaida." Wiki iliyopita jirani alimsimulia Fundi jinsi Sista alivyoshuka kisimani kwa kamba kumtoa mzee aliyetumbukia. Fundi alitikisa kichwa kama mtu aliyekwisha kuichoka habari hiyo, kumbe ndiyo kwanza anaisikia, na alasiri ile akashona mkono wa kulia wa koti upande wa kushoto.

Na kulikuwa na Breki. Breki ndiye aliyekuwa dereva wa gari la Sista, na jina hilo alipewa na wenzake kwa kuwa kitu chenyewe hakupenda kukikanyaga. Siku moja Fundi alimpigia mkewe simu, ikapokelewa kwa bahati mbaya mfukoni, akasikia sauti ya mkewe ikisimulia jambo refu, lenye sauti za watu tofauti tofauti, na Breki akicheka mpaka anakohoa. Fundi alisikiliza hadi salio likaisha. Kwa hiyo hadithi anazo, aliwaza. Anazo tele, na anampa Breki.

Sasa alikuwa amelala chali kitandani, shati jeupe likining'inia kwenye msumari, na mkewe akifunga vifungo vya sare.

"Mke wangu," alisema Fundi kwa sauti iliyotoka mbali, "nadhani leo sitaweza."

"Hutaweza nini?"

"Chochote."

Sista alikuja akaketi ukingoni mwa kitanda. Akamshika kifundo cha mkono, akamwangalia macho, akamwambia atoe ulimi. Akambonyeza tumbo.

"Hapa panauma?"

"Sana."

"Na hapa?"

"Hapo ndipo penyewe."

"Na hapa?" Alimbonyeza goti.

"Maumivu yanashuka mpaka huko," alisema Fundi.

Sista akasimama. "Kunywa maji. Ukisikia njaa, ule. Tutatoka siku nyingine, mume wangu. Mwenzetu ameumia mgongo, tumebaki wawili tu kwenye gari."

"Ningekuwa mtu baki ungekaa nami."

"Ungekuwa mtu baki," Sista alisema akivaa viatu, "ningeshakuambia unachoumwa."

Akaondoka. Hakuubamiza mlango; aliufunga taratibu, jambo ambalo Fundi aliliona ni la dharau zaidi.

*

Kama Fundi angeamka wakati ule, akanywa chai na kuwasha cherehani, pasingekuwa na lolote. Lakini mtu aliyeonewa hupenda kulala kidogo na uonevu wake. Fundi alijigeuza ukutani, akaguna. Mguno wa kwanza ulikuwa wa kumsuta mkewe, ambaye hakuwepo kuusikia. Wa pili ulikuwa wa kujiliwaza. Wa tatu alipousikia mwenyewe akauona mzuri, akautia nguvu, na huo ndio uliopenya ukuta ukamfikia mama yake.

Mama yake Fundi alikaa chumba cha nyuma. Alikuwa mama mwenye miguu mizito na masikio mepesi. Aliingia bila kubisha.

"Nini tena, mwanangu?"

"Si kitu, Mama. Tumbo tu."

"Mkeo amekuona?"

"Ameniona," alisema Fundi, na hakuweza kujizuia. "Akaniambia ninywe maji, akaenda zake kuwahudumia wengine."

Alitaka apewe pole. Alitaka mtu mmoja tu duniani amwekee mkono kwenye paji la uso amwambie masikini wee. Mama yake alimwekea mkono, akasema masikini wee, kisha akaendelea pale ambapo Fundi hakupataka.

"Marehemu baba yako alianza hivi hivi. Akasema tumbo tu. Akageukia ukutani, hivi ulivyogeuka."

"Baba aligongwa na lori, Mama."

"Hiyo ilikuwa baadaye." Akatoka mbio kadiri miguu yake ilivyomruhusu.

Fundi alibaki akitazama dari. Alimsikia mama yake akiongea sebuleni kwa sauti ya juu, sauti ambayo aliitumia kwa simu tu, akidhani umbali unahitaji kusaidiwa. Alipoelewa maneno yenyewe aliketi ghafla.

"Mama, unampigia nani?"

"Nimeshapiga. Namba ile ya dharura."

"Umewaambia nini?"

"Nimewaambia mwanangu anakufa."

"Mama, sifi."

"Wanaokufa wote husema hivyo. Lala."

Fundi alilala. Alifikiri haraka kuliko alivyowahi kufikiri. Akisimama sasa na kusema ukweli, mama yake ataaibika, na akiaibika presha yake itapanda, kisha gari litakuta mgonjwa wa kweli. Na hata hivyo kituo kilikuwa na magari kadhaa. Kwa nini lije hilo hilo la Sista? Watakuja vijana asiowajua, watampima, watamwambia anywe maji, wataondoka. Alikuwa bado anajipa moyo hivyo king'ora kilipoingia mtaani, na gari likasimama nje bila mlio wowote wa breki, isipokuwa ndoo ya mtu iliyogongwa ikabiringika.

*

Majirani walifika kabla ya machela. Walijaa chumbani, kwenye korido, mpaka karakana. Wengine walikaa juu ya vitambaa vya wateja. Mama yake Fundi alikuwa amesimama kichwani mwa kitanda akieleza jinsi ilivyoanza, na kila alipoeleza ilianza mapema zaidi.

Sista aliingia na mkoba wa dawa begani, glavu mkononi. Nyuma yake alikuwa Breki, mtu mfupi mwenye upara na mashavu ya mtoto, akiburuta machela. Sista alimtazama mama mkwe wake, akautazama umati, akamtazama mumewe. Uso wake haukubadilika hata kidogo. Alipiga magoti kando ya kitanda.

"Habari yako, baba. Mimi ni muuguzi. Unanisikia?"

Sauti ile Fundi hakuwahi kuisikia. Ilikuwa ya upole, ya chini, imetulia kama maji kwenye beseni. Ilimtia uchungu kuwa kumbe sauti kama hiyo imekuwepo miaka yote na inakaa kituoni.

"Nakusikia," alisema.

"Unaitwa nani, baba?"

"Wewe si unanijua?"

"Jibu swali, baba."

Fundi akajibu. Mwanamke mmoja mlangoni alimnong'oneza mwenzake kwamba Sista hana upendeleo hata kwa mume wake, kazi ni kazi. Sista alimpima presha, akasikiliza kifua, akatazama kipimo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akainama sikioni kwake, na majirani wakadhani anamsomea dua.

"Uko mzima kuliko ng'ombe," alinong'ona.

"Niache basi," Fundi alinong'ona naye. "Waambie nimepata nafuu."

Sista akainua kichwa. "Mama," alimwambia mama mkwe, "umefanya vizuri kupiga simu. Tunamchukua."

"Nimepata nafuu," alisema Fundi kwa sauti.

"Mgonjwa wa hivi haachwi, baba. Breki, shika miguu."

Shuka lilipoondolewa ndipo Fundi alipokumbuka alichokuwa amevaa. Ilikuwa bukta ya maua makubwa ya manjano, aliyojishonea kutokana na masalio ya mapazia ya jirani wa upande wa pili, masalio ambayo alimwambia jirani huyo kwamba hayakubaki. Jirani mwenyewe alikuwa amesimama pale pale. Aliitazama bukta, akamtazama Fundi, akanyamaza kwa heshima ya ugonjwa. Wakampitisha korido, karakana, barabarani, maua yakiwaka juani, na mtaa mzima ukimwambia Mungu akusaidie.

*

Milango ya nyuma ilipofungwa na gari kuondoka, Sista alivua glavu, akakaa kwenye benchi la pembeni, akafunga macho. Fundi alilala akisubiri kutukanwa. Hakutukanwa. Hilo lilimtisha.

Kidirisha kati yao na dereva kilifunguka. "Mgonjwa anaendeleaje?" aliuliza Breki.

"Anaendelea kuwa mjinga," alisema Sista.

"Pole, shemeji," alisema Breki, na mabega yake yakaanza kutikisika.

"Mke wangu," Fundi alianza, "si mimi niliyepiga."

"Najua si wewe. Ungepiga wewe ungekuwa bado unaongea nao." Alifungua macho. "Mama yako amelia mbele yangu. Unajua ninavyojisikia kumwona mtu analia kwa sababu ya uongo, wakati kila siku naona..."

Hakumaliza, kwa sababu redio ya gari iliita. Sauti ilisema shule ya mtaa wa pili, mwanamume, ameanguka wakati wa hafla, hapumui vizuri. Breki alijibu kwamba wapo karibu, na gari likageuka kwa namna iliyomtoa Fundi kwenye machela kabla hajaambiwa ashuke.

"Tumshushe huyu?" Breki aliuliza.

"Hakuna muda. Anakuja." Sista alikuwa tayari anavaa glavu nyingine. Alimrushia Fundi koti la akiba la sare. "Vaa hilo. Kaa pale. Usiguse kitu, usiseme kitu."

Uwanja wa shule ulikuwa umejaa viti na watoto waliosimama kimya, jambo ambalo peke yake lilitosha kumwambia mtu kwamba hali ni mbaya. Mwalimu Mkuu alikuwa amelala kwenye jukwaa la zawadi, walimu wakimpepea kwa madaftari. Fundi aliyefuata nyuma na mkoba, kwa kuwa Sista alikuwa amemsukumia mkononi bila kumtazama, alimtambua hata kabla hajaona uso. Alitambua suti. Ilikuwa ya kijivu, vipande vitatu, bitana ya hariri. Mwalimu Mkuu alikuwa ameichukua Ijumaa, akasema ataivaa kwenye hafla ya kugawa zawadi.

Sista aligusa shingo ya yule mzee, akasikiliza, akatoa mkasi. Aliuingiza chini ya kizibao.

"Vifungo vinafunguka," Fundi alisema, maneno yakimtoka yenyewe. "Unavuta tu, vinafunguka."

Mkasi ulipita kutoka chini mpaka juu, ukala kizibao, ukala shati. "Njoo hapa," alisema Sista. "Shika kichwa. Hivi. Huu mfuko wa hewa unaubana nikisema sasa. Usibane kabla sijasema."

Akaanza kukibonyeza kifua. Alibonyeza kwa mikono iliyonyooka, kwa uzito wake wote, akihesabu chini kwa chini, na Fundi alisikia kitu ndani ya kifua kile kikilia kama mshono unaofumuka. "Sasa," alisema Sista. Fundi alibana. Kifua kikainuka. "Sasa." Kikainuka tena. Breki alikuwa amekwisha kubandika mashine ya kushtua moyo, akasema watu wasogee, mwili ukaruka, ukatulia. Sista akarudi juu yake. Jasho lilimdondoka puani likaanguka kwenye bitana ya hariri. Fundi hakuiona tena kama bitana. Aliziona nywele nyeupe za sikioni mwa Mwalimu Mkuu, ambazo siku ya kumpima kola aliziona akacheka kimoyomoyo, na sasa aliziomba zibaki palepale zilipo, hai, ziendelee kuchekesha.

Hakujua imechukua muda gani. Alijua tu kwamba mahali fulani katikati, Sista alimtazama usoni mara moja, kwa haraka, akasema, "Unafanya vizuri," na ilikuwa ile sauti ya maji kwenye beseni, na haikuwa ya mzaha.

Kisha mashine ikatoa mlio tofauti. Sista akaweka vidole shingoni. Akavibakiza hapo.

"Tunaye," alisema. "Machela. Haraka."

*

Hospitalini watu wenye makoti meupe walimpokea Mwalimu Mkuu kwenye mlango mkubwa, wakaenda naye wakikimbia, mlango ukajifunga. Breki alianza kupangusa machela. Sista alitupa glavu, akanawa, akanywa maji kutoka kwenye chupa.

Fundi alikuwa amesimama katikati ya njia, koti la sare juu, maua ya manjano chini.

"Atapona?" aliuliza.

"Sijui."

"Basi tungoje tujue."

"Hatungoji. Tunarudi kituoni, gari likae tayari."

"Lakini utajuaje alivyoendelea?"

"Sitajua." Sista alifunga chupa. "Wengi hatuwajui. Tunawaokota wakiwa katikati, tunawaleta mpaka hapa, mlango unafungwa. Unadhani kwa nini sikusimulii? Wewe ukisimuliwa lazima uulize halafu ikawaje. Kila mara. Na mimi sina halafu. Nikuletee nyumbani watu waliokatikia njiani, tukae nao mezani?"

Fundi alifunga vifungo vya koti la sare, kimoja kimoja.

"Na Breki?" aliuliza mwishowe. "Breki mbona unamsimulia? Nilisikia kwenye simu. Mlikuwa mnacheka."

Breki aliacha kupangusa, akajifanya anatafuta kitu chini ya kiti.

"Tulikuwa tunakucheka wewe," alisema Sista.

"Mimi?"

"Unavyogombeza cherehani uzi ukikatika. Unavyompima mteja mnene ukimwambia amepungua. Kituo kizima kinazijua habari zako. Tukitoka kwenye ajali mbaya, Breki huniambia, haya, nipe ya Fundi. Nampa. Tunafika tukiwa watu tena."

Fundi hakujua kama ametukanwa au amesifiwa. Alijaribu kukasirika akaona hakuna mahali pa kushika. "Unaigiza na sauti yangu?" aliuliza.

"Anaiweza sana," Breki alisema kutoka chini ya kiti. "Ila shemeji, tuseme kweli. Kama tusingekuja kwako, tungekuwa kituoni, ng'ambo ya mji. Yule mzee tusingemwahi."

Fundi aliinua kichwa, na matumaini yakamjaa usoni.

"Breki," alisema Sista, "ukimpa mtu huyu sentensi hiyo ataishi nayo mpaka azikwe." Akamgeukia mumewe. "Kuna mtu leo angeweza kuwa anaanguka upande mwingine wa mji, sisi tukiwa tunabeba bukta. Ni bahati tu. Usithubutu kuitumia."

Fundi hakuitumia. Aliyeitumia ni mama yake, ambaye kufikia jioni alikuwa ameuhakikishia mtaa mzima kwamba ni simu yake iliyomwokoa Mwalimu Mkuu.

*

Sista alikwenda mwenyewe kwa Mkuu wa kituo, akaeleza kila kitu, na kumwacha Fundi amesimama nje kwenye gereji. Mkuu, mwanamume mwembamba aliyezoea kuongea bila kuinua sauti, alitoka akaiita zamu nzima, akasema aliyepiga simu alipiga kwa nia njema, kwa hiyo hana neno naye. Lakini angependa mgonjwa awaeleze wenzake alikuwa anaumwa nini.

Fundi alisafisha koo. Alianza na hali ya hewa ya asubuhi, akapita kwenye tumbo, akakaribia goti. Kisha akayaona macho ya mkewe nyuma ya wengine. Sista hakuwa na hasira tena. Alikuwa amechoka tu, na kwenye bega la sare yake palikuwa na doa ambalo Fundi hakutaka kujua ni la nini.

"Nilikuwa naona wivu," alisema.

"Wivu wa nani?" aliuliza Mkuu.

"Wa gari."

Zamu nzima ikacheka, na Mkuu akamkabidhi ndoo na kitambaa, akamwambia ajenge urafiki nalo. Kwa wiki kadhaa baada ya hapo, kila Jumamosi asubuhi, Fundi alionekana gereji akiliosha gari la wagonjwa. Hakuruhusiwa kuvaa suruali ndefu. Hiyo ilikuwa amri ya Breki.

Siku yenyewe ya tukio Sista alimrudisha nyumbani kwa gari lile lile na kumshusha mlangoni kabisa, ingawa Fundi alikuwa ameomba kona. Majirani walimzunguka. Mama yake alimkumbatia, akataka kujua madaktari wamemkuta na nini. Walisubiri wote, maana walijua Fundi akipewa jambo kama hilo atalikata, atalishona, atalipiga pasi. Fundi alifungua mdomo. Akaona nywele nyeupe za sikioni, na mkono wake ukabana hewa. Aliomba wamwache aoge, na alikaa bafuni muda mrefu mpaka mama yake akaanza tena kuitazama simu.

*

Habari ya Mwalimu Mkuu ililetwa na mwalimu wa hesabu aliyekuja kupunguziwa sketi kiunoni. Alisema mzee ameketi kitandani, anaongea, ameomba chai na kulalamika haina sukari. Fundi aliacha pini mdomoni, akachukua simu. Kisha akaghairi. Alingoja mpaka Sista aliporudi, akala, akajinyoosha kwenye kiti cha wateja.

"Yule mzee," alisema Fundi, "amelalamikia chai."

Sista hakuelewa mara moja. Alipoelewa aliketi wima. Alitaka aambiwe nani kasema, lini, chai gani, alikuwa ameketi au ameegemezwa. Fundi alijibu yote, na alipofika kwenye sukari aliona machozi yakimtoka mkewe, na alikuwa akicheka.

Hivyo ndivyo walivyoanza. Sista hakutaja majina, na hakusimulia kila kitu. Lakini baada ya zamu zilizopita salama, na mara nyingine hata ambazo hazikupita salama, alirudi akasema kulikuwa na kijana mmoja kwenye ngazi, kulikuwa na bibi mmoja na mbwa wake. Fundi hakuuliza tena halafu ikawaje. Alisokota uzi tu. Na katika siku zilizofuata, kati ya kola na pindo, aliwaacha wateja waseme, kwa kuwa hakuna jambo la mji ule lililoshindwa kuingia karakana yake na kukaa kitini. Kijana wa ngazi amefungwa bandeji kubwa na anachumbia muuguzi. Bibi anapona, mbwa kanenepa kwa majirani. Si habari zote zilikuwa nzuri. Zilipokuwa mbaya alizisema kwa ufupi, wakakaa nazo wawili.

Alasiri moja Sista alirudi mapema. Alikaa muda akimtazama Fundi akikata kitambaa cha rangi ya udongo.

"Kulikuwa na dereva wa lori, juzi," alisema. "Si wa hapa, anapita njia tu. Kabanwa kwenye kiti. Muda wote tunamtoa alikuwa ananiuliza kama ujumbe wa simu umefika kwa mkewe kwamba atachelewa. Nikamwambia umefika."

Akaishia hapo. Mkasi wa Fundi uliendelea kutembea. Mpita njia hana mteja anayemjua, hakuna sketi ambayo ingeileta habari yake.

"Yule?" alisema Fundi. "Yule kafika kwake. Anatembea kwa mkongojo, lakini kafika."

Fundi akainua macho. Aliuona uso wa mkewe, akajua kwamba mwisho wa habari hii anao Sista mwenyewe, na kwamba dereva aliishia ndani ya gari la wagonjwa, kabla ya mlango wowote. Mkasi ukasimama katikati ya kitambaa. Alitaka kuomba radhi.

Sista alivuta kiti chake mpaka kwenye meza ya kukatia, akaegemeza kichwa kwenye mkono.

"Mkewe alimpokeaje?" aliuliza.

Fundi alirudisha mkasi kwenye kitambaa. "Alimtukana," alisema polepole. "Kwanza alimtukana kwa kuchelewa. Alimwambia chakula kimepoa, na yeye hapashi mara mbili."

"Na yeye akasemaje?"

"Akasema kilichopoa ndicho anachokipenda."

"Mwongo huyo," alisema Sista, na kufumba macho. "Endelea."